Mashimo Ambayo Hayamo Kwenye Biblia

Mjomba wangu anakaa Mbagala, ni mwalimu mstaafu, na ana sanduku la bati ambalo watoto wote wa nyumba ile wanajua haliguswi. Humo mna vyeti vyake, picha za harusi, Biblia ya Union Version iliyoshikiliwa na gundi, na kitabu kimoja kilichopoteza jalada siku nyingi: Mashimo ya Mfalme Sulemani. Alikisoma akiwa shule ya kati na hakukirudisha, jambo analolisema bila aibu. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza kuniazima, tena kwa masharti: nisikisome kwenye daladala, nisikunje kurasa, na nikimaliza nirudi tuzungumzie Ofiri.

“Maana Ofiri ni huku kwetu, mjomba,” akaniambia. “Dhahabu ya Sulemani ilitoka Sofala. Wazungu wenyewe wamechimba, wakathibitisha.”

Nilinyamaza. Mkubwa hapingwi siku anayokuazima kitabu. Lakini hawajathibitisha. Walipochimba walikuta kinyume chake, na kisa cha namna walivyokikuta kimenishika kuliko riwaya yenyewe.

Kwa ambao hamjaisoma: H. Rider Haggard, Mwingereza aliyefanya kazi Natal na Transvaal ujanani mwake, aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1885. Tafsiri ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1929. Huyu Johnson ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, na jina lake liko kwenye kamusi ambazo wengi wetu tumezipekua. Kwa hiyo hiki si kitabu cha pembeni. Ni kimoja kati ya vitabu vilivyowaonyesha wasomaji wa kizazi kile kwamba hadithi ndefu ya nathari inasomeka kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, bila kuimbwa wala kughaniwa.

Mwindaji wa tembo, Allan Quatermain, anaajiriwa na Sir Henry Curtis kumtafuta ndugu yake aliyepotea akisaka hazina ya Sulemani. Wana ramani ya Mreno aliyekufa karne tatu nyuma. Wanavuka jangwa, wanapanda milima miwili iliyopewa jina la matiti ya Malkia wa Sheba (msiniulize mimi), wanaingia nchi ya Wakukuana, wanamsaidia Ignosi kumng'oa dhalimu Twala, na mwisho kizee Gagool anawafikisha kwenye chumba chenye masanduku ya almasi. Kama hadithi, bado inakwenda. Nilianza saa tatu usiku, umeme ukakatika, nikaimalizia sura ya pango kwa tochi ya simu na sikujuta.

Sasa angalia mambo mawili ambayo msomaji mwenye haraka huyapita.

La kwanza ni barabara. Katikati ya nchi ya Wakukuana ipo barabara kuu iliyochongwa kwenye mwamba, kazi ya kihandisi ya kupigiwa makofi. Wenyeji wakiulizwa ni nani aliijenga, hawajui. Wameikuta. La pili ni masanamu matatu makubwa ya mawe mwisho wa barabara hiyo. Quatermain anayatazama, anakumbuka Kitabu cha Wafalme, na kubuni kwamba huenda ni Ashtorethi, Kemoshi na Milkomu, miungu ambayo Sulemani aliingia nayo matatani uzeeni, na kwamba huenda yalisimamishwa na Mfoinike fulani msimamizi wa machimbo. Yaani Mkukuana ameishi hapo vizazi na vizazi, anapigana vizuri, ni shujaa, lakini kila kilichodumu kimejengwa na mtu mwingine. Haggard hana chuki na Ignosi, tena anampa heshima kubwa. Ndiyo maana wazo lile linapita kooni bila kukwama.

Na lipo jambo la tatu, ambalo kwa aibu nililigundua kwa kuchelewa. Nilipofungua Biblia kutafuta hayo mashimo, sikuyaona. Hayamo. Wafalme wa Kwanza, sura ya 9 na ya 10, inasema Sulemani alitengeneza merikebu Esion-Geberi, kwenye Bahari ya Shamu, Hiramu mfalme wa Tiro akampa mabaharia, wakaenda Ofiri wakaleta dhahabu. Ofiri ni mahali pa kwenda kwa chombo. Hakuna mstari unaosema Sulemani alikuwa na mgodi wake bara la Afrika au popote pengine. Almasi ndiyo kabisa: hizo zilitokana na habari za magazeti ya enzi za Haggard, maana Afrika Kusini ilikuwa imepagawa na almasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1860. Kitabu kimetia mgodi mdomoni mwa Biblia, na wasomaji wengi, mjomba akiwemo, wanakumbuka kama wamesoma huko.

Ofiri ilifikaje pwani yetu basi? Kwa Wareno. Walipoingia mwaka 1505, wakaivamia Kilwa na kujenga ngome Sofala, walikuta biashara ya dhahabu ambayo kwa muda mrefu ilipitia mikononi mwa masultani wa Kilwa. Watu waliokulia kwenye Biblia wakiona dhahabu, bahari, na magofu yanayosimuliwa huko bara, hesabu inajifanya yenyewe. Mtawa João dos Santos aliliandikia jambo hilo mwaka 1609. Mwaka 1667 likaingia hadi kwenye ushairi: kwenye Paradise Lost, John Milton anamweka Adamu juu ya kilima aonyeshwe falme za dunia, na kati ya zinazotajwa zimo Mombasa, Kilwa na Malindi, halafu Sofala, inayodhaniwa kuwa Ofiri. Inadhaniwa. Mshairi kipofu alikuwa mwangalifu kuliko wengi waliokuja nyuma yake wakiwa na macho yote mawili.

Karl Mauch, Mjerumani, alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871. Alikata kibanzi cha boriti ya mlangoni, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana rangi na harufu. Penseli ilikuwa ya mwerezi. Basi, boriti ni mwerezi, mwerezi unatoka Lebanoni, Lebanoni ni kwa Wafoinike, Wafoinike walikuwa marafiki wa Sulemani, kwa hiyo hapa ni nyumba ya Malkia wa Sheba. Nimeisoma hoja hii mara kadhaa na bado inanichekesha. Mti wenyewe ni wa huko huko kusini mwa Afrika.

Kicheko kinaisha ukiendelea mbele. Cecil Rhodes alipoikalia nchi ile, Sulemani alimfaa sana: kama wajenzi walikuwa wageni weupe wa kale, basi wageni weupe wapya wanarudi kwao. Mwaka 1891 Theodore Bent alipelekwa kuchimba, akaandika kwamba si kazi ya Waafrika. Mwaka 1895 ikaundwa kampuni iliyopewa kibali cha kupekua magofu kutafuta dhahabu. Vito vilivyopatikana, vingi viliyeyushwa. Kisha akaja Richard Hall, aliyewekwa kuwa mtunzaji wa Zimbabwe Kuu mwaka 1902. Huyu aliondoa tabaka nene la udongo akidai anasafisha uchafu wa Waafrika ili afikie mabaki ya wajenzi wa kweli. Uchafu ule ndio uliokuwa historia yenyewe. Vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, sakafu za nyumba za watu walioishi pale: alivitupa nje kwa koleo, akawatafuta Wafoinike ambao hawakuwepo.

Mtu mmoja aliwahi kusema ukweli mapema. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 akaona ni mji wa Waafrika wa zama za kati. Walowezi walikasirika, mambo yakalala.

Halafu unafika mwaka 1929, mwaka ule ule wa tafsiri ya Johnson. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alitumwa kulimaliza suala. Kikosi chake kilikuwa cha wanawake watatu, na mmoja wao alikuwa binti wa miaka 23 aitwaye Kathleen Kenyon, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Hawakutafuta dhahabu. Walitafuta mahali ambapo Hall hakupafikia, wakachimba tabaka kwa tabaka hadi chini ya kuta, kwa sababu kitu kilichofunikwa chini ya ukuta hakiwezi kuwa kimekuja baada ya ukuta. Walikuta vyungu vya wenyeji na shanga za biashara ya bahari. Jibu la Caton-Thompson lilikuwa fupi: Waafrika, zama za kati. Vipimo vya mkaa vilivyokuja miongo iliyofuata vimeuweka mji ule kati ya karne ya 11 na ya 15 baada ya Kristo. Sulemani aliishi karne ya 10 kabla ya Kristo. Tofauti ni kama miaka 2000. Na ukitaka kujua Zimbabwe Kuu ilikuwa na uhusiano na nani ng'ambo, ilipatikana pale sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14, yule wa Husuni Kubwa. Sulemani pekee aliyemo kwenye ushahidi ni baba wa mtu wa Kilwa!

Kwa hiyo mwaka mmoja, wakati mtoto wa shule Tanganyika anawekewa mkononi kitabu kinachosema barabara ile ni ya Sulemani, kusini kidogo wanawake watatu walikuwa wanatoa udongo unaosema si yake. Simlaumu Johnson kwa hilo. Alitafsiri kitabu kilichopendwa, na Kiswahili chake mpaka leo kinasomeka kuliko tafsiri nyingi zinazotoka sasa hivi zikiwa na harufu ya Kiingereza kila sentensi. Hata jina alilolichagua nalipenda: mashimo. Leo tungesema migodi au machimbo, neno la ofisini. Mashimo ni giza, ni kitu cha kutumbukia. Kosa ni letu tuliokuja baadaye, tulioendelea kukisifu kitabu kama kumbukumbu ya utotoni bila mtu kuandika hata kurasa mbili za utangulizi kueleza nini kimejulikana tangu hapo.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wasomaji wa upande wa pili, wale watakaosema, enhe, safi, tumempokonya mzungu hadithi yake. Polepole. Yule binti wa miaka 23 hakuishia Zimbabwe. Baba yake, Sir Frederic Kenyon, alikuwa mkurugenzi wa British Museum na msomi wa Biblia, aliyekuja kuandika kitabu kizima kuhusu Biblia na akiolojia. Na kuanzia mwaka 1952 hadi 1958 Kathleen mwenyewe alikwenda kuchimba Yeriko. Kabla yake John Garstang alikuwa ameonyesha ukuta ulioanguka akasema ndio ule wa Yoshua. Kenyon alichimba kwa njia ile ile, tabaka kwa tabaka, akakuta ukuta wa Garstang ni mkongwe mno, umemtangulia Yoshua kwa takriban miaka elfu moja, na kwamba wakati unaotajwa kwa Yoshua pale palikuwa na makazi madogo au hapakuwa na mji wa kuzungushiwa ukuta. Akakuta pia mnara wa mawe wa kama mwaka 8000 kabla ya Kristo, kitu ambacho hakuna kitabu kilichowahi kukitaja.

Wapo wanaobishana naye hadi leo kuhusu tarehe, na ni haki yao. Lakini huwezi kumpigia makofi Kenyon wa Zimbabwe kwa sababu amekurudishia babu yako, halafu umkatae Kenyon wa Yeriko kwa sababu amegusa somo la Jumapili. Koleo ni lile lile.

Wala si kweli kwamba udongo unaipinga Biblia tu. Nimekutana na vijana, hasa wale waliogundua mtandao jana, wanaosema Daudi ni ngano tupu. Mwaka 1993 pale Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, kilipatikana kipande cha jiwe la karne ya 9 kabla ya Kristo, kimeandikwa Kiaramu na mfalme adui anayejisifu kwa ushindi, na ndani yake yametajwa maneno “nyumba ya Daudi”. Adui hana sababu ya kukubunia babu. Mfereji wa maji wa Yerusalemu unaohusishwa na Hezekia upo, mita zaidi ya 500 ndani ya mwamba, na mwaka 1880 watoto waliokuwa wanacheza majini waliona maandishi ukutani yanayosimulia namna makundi mawili ya wachimbaji walivyokutana katikati. Maandishi yale hayamtaji mfalme. Yanawataja wachimbaji na sululu zao, na mimi, kwa jinsi nilivyo, nayapenda zaidi kwa hilo.

Na Ofiri? Mwaka 1946 huko Tell Qasile, Tel Aviv ya leo, kiliokotwa kigae cha chungu cha karne ya 8 hivi kabla ya Kristo, kimeandikwa kama risiti: dhahabu ya Ofiri, kwenda Beth-Horoni, shekeli 30. Basi jina halikubuniwa. Watu walinunua na kuuza dhahabu wakiiita hivyo, kama sisi tunavyosema mchele wa Kyela. Iko wapi Ofiri yenyewe, kigae hakisemi, na kuna wanaosema Uarabuni, wanaosema Pembe ya Afrika, wanaosema India. Kuhusu Sulemani mwenyewe, hadi leo hakuna maandishi ya wakati wake yaliyopatikana yakiwa na jina lake.

Mashimo yapo pia, kama utakubali yasiwe na almasi. Bonde la Timna, kusini mwa Israeli karibu na Eilat, lina maelfu ya mashimo ya shaba. Miaka ya 1930 Nelson Glueck aliyaita ya Sulemani. Mwaka 1969 Beno Rothenberg alikuta hapo hekalu la Hathori, mungu wa Misri, kwa hiyo wakasema hapana, ni ya Wamisri. Kisha kikosi cha Erez Ben-Yosef, kilichoanza kazi miaka ya 2010 kwa kupima mkaa na hata kinyesi cha wanyama wa mizigo kilichohifadhiwa na ukame, kikaona kazi ilikuwa imepamba moto karne ya 10, zama za Daudi na Sulemani kabisa, ila waliochimba yaelekea ni Waedomu. Unaona inavyokwenda? Ndiyo, hapana, ndiyo lakini si hivyo. Ukitafuta kitabu kinachokupa ndiyo moja ya moto, soma Haggard.

Nilirudisha kitabu Jumamosi, nikasimama kwanza Kunduchi kwa sababu nilikuwa na kazi upande ule. Magofu ya Kunduchi yako Kinondoni hapo hapo, msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ambayo baadhi yalipachikwa bakuli na sahani za kauri ya China. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka nilimuuliza nani alijenga. “Waarabu hao, au Wareno,” akasema. “Sisi tumeyakuta.” Nilitetemeka kidogo, maana ndilo jibu la Mkukuana, neno kwa neno.

Mjomba nilimkuta barazani. Shikamoo, marahaba, chai, kisha nikamweleza yote haya, kwa adabu, nikaanzia na penseli ili acheke. Alicheka. Kwenye Hall na koleo lake alinyamaza. Kwenye Yeriko akaniuliza moja kwa moja kama nasema Biblia inadanganya.

Nikamjibu kwa Kilwa. Historia ya Kilwa, ile inayosimulia Washirazi waliokuja kwa merikebu saba, tumeisoma sote. Wanazuoni wa awali waliiamini karibu yote. Kisha Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo inayoanzia karne ya 8, katikati ya vyungu vya wenyeji, na wengi tukasema basi, Washirazi ni ngano. Halafu Machi 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa, Manda na kwingine: upande wa mama wengi ni Waafrika, upande wa baba wengi wana asili ya Uajemi, na kuchanganyika kunaanzia kama mwaka 1000. Waliotunza simulizi ile hawakuwa waongo, wala hawakuwa waandishi wa habari. Walikumbuka baba na kuwasahau mama. Nani alikumbukwa na nani aliachwa, hilo ni swali la mhakiki, na naliuliza Biblia kama ninavyoiuliza Kilwa, bila kuacha kwenda kanisani.

Alikaa kimya muda, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Alisema alipokuwa mwanafunzi, kitabu cha historia kilianza na Wazungu kufika. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja wa kabla. Mahali pekee alipoona nchi za huku zimeandikwa kwenye kitabu cha kale, au alivyodhani, palikuwa Ofiri. “Nilishika nilichokipata, mjomba,” akasema.

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekwenda Mbagala na hoja kuhusu Haggard, kumbe mwenzangu alikuwa ananieleza njaa. Mtu aliyenyimwa Kilwa darasani atamkumbatia Sulemani, na mimi niliyefundishwa Kilwa nikiwa shule ya msingi sina haki ya kumcheka.

Aliichukua Biblia yake akaniomba nimwonyeshe palipoandikwa Ofiri. Nikamwonyesha Wafalme wa Kwanza 9, talanta 420. Akapekua mwenyewe hadi Nyakati ya Pili 8, safari ile ile, akakuta 450. Akavaa miwani vizuri, akasoma tena zote mbili. Kisha akakihesabu kitabu cha Mashimo ukurasa kwa ukurasa kuona kama nimechana, akakirudisha sandukuni, akaniuliza kitabu cha huyo Horton kinapatikana wapi na ni shilingi ngapi.